Nina Edipode mmoja kabatini: nianzeje kukusanya tamthilia zilizochapwa kwa ufundi?

"Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na sanaa za maonyesho katika sekondari moja hapa Tanga, nakaa Chumbageni. Mwaka huu nilinunua kitabu kwa familia iliyokuwa inahama Raskazone. Ni Oedipus the King ya Sophocles kwa Kiingereza, kikubwa, kimo ndani ya kasha lake, na picha zake zimechorwa na Demetrios Galanis. Ndani kimeandikwa The Heritage Press, New York. Nilikipenda kwa sababu Mfalme Edipode ni tamthilia ninayoipenda kuliko zote ninazofundisha. Kaka yangu anasema ni mali kubwa nisimwonyeshe mtu. Shemeji anasema ni kitabu cha kawaida tu. Mimi nataka kuendelea kukusanya tamthilia za kale zenye picha, zilizochapwa vizuri, ila mshahara wa mwalimu waujua. Nianzie wapi? Na mbona nimeanza kuona vidoa vya hudhurungi pembezoni mwa kurasa? Kweli vitabu kama hivi vinaweza kuishi Tanga?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la thamani, maana naona limekukosesha usingizi, na kaka na shemeji kila mmoja ameshika upande wake tu.

Kitabu chako kina kaka mkubwa. Mwaka 1929 huko New York bwana mmoja, George Macy, alianzisha klabu ya vitabu iliyoitwa The Limited Editions Club. Wanachama walilipa ada, nao wakawa wanapelekewa kitabu kimoja kila mwezi, kimechapwa kwa ustadi na kutiwa picha na msanii aliyechaguliwa kwa ajili ya kitabu hicho. Nakala zilikuwa 1,500 hivi kwa kila toleo. Kila nakala ina namba yake kwenye ukurasa wa mwisho, na mara nyingi sahihi ya msanii kwa mkono wake. Mwaka 1935 Macy akafungua nyumba ya pili, The Heritage Press, kwa wasomaji wa mfuko wa kawaida. Huko picha mara nyingi ni zilezile, karatasi si mbaya, kasha lipo. Ila namba hakuna, sahihi hakuna, na nakala zilichapwa nyingi kadiri ya wanunuzi. Edipode wa klabu alitoka 1955, akachapwa Haarlem, Uholanzi, katika kiwanda cha Joh. Enschedé kilichoanza mwaka 1703, kiwanda ambacho hata noti za benki kimezichapa. Wako ni mdogo wake.

Kwa hiyo shemeji yuko karibu zaidi na ukweli wa soko. Kitabu cha Heritage huuzwa Marekani kwa dola 10 hadi 30 kikiwa na kasha lake. Lakini neno "cha kawaida" silikubali hata kidogo. Picha zile alizichonga Galanis, Mgiriki aliyezaliwa Athens 1879 na kufanya kazi zake Paris, mmoja wa mafundi wakubwa wa mchongo wa mbao wa zama zake. Umepata kazi ya fundi kwa bei ya mlo wa watu wawili. Mimi ndivyo ninavyopenda mtu aanze.

Tena nimefurahi kuwa umeanza na tamthilia, na hapa niruhusu nikae kidogo kwa sababu ndiyo sababu yenyewe iliyonifanya mimi mjalidi, mtu wa gundi na uzi, niache kukusanya kila kitabu kizuri nikabaki na tamthilia peke yake.

Mwandishi wa riwaya humpa mchoraji kila kitu: sura ya mtu, nguo, chumba, mvua iliyokuwa ikinyesha. Mwandishi wa tamthilia hampi kitu. Sophocles hakutuambia Edipode ana pua ya namna gani wala malkia amevaa nini. Ametuachia maneno, na mengine kawaachia waigizaji. Basi msanii anayetia picha kitabu cha tamthilia hawezi kunakili. Lazima afanye kazi ya mwongozaji. Aamue taa inatoka wapi, mfalme asimame au aanguke, watu wa Thebes waonekane au wasikike tu. Chukua tamthilia moja uwape vijana wa Taasisi ya Sanaa Bagamoyo katika makundi matatu, utapata majukwaa matatu. Matoleo haya nayo ni hivyo hivyo. Kila moja ni onyesho, ila lenyewe haliishi likazimwa taa watu wakaenda nyumbani.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni Hamlet ya Cranach Press. Mwingereza Edward Gordon Craig alikuwa mtu wa jukwaa, mtoto wa mwigizaji. Alipokuwa akiandaa Hamlet na Stanislavski, mwongozaji mkubwa wa Kirusi, huko Moscow, onyesho lililofunguliwa majira ya baridi ya 1911 kuingia 1912, alikata watu wadogo bapa wa mbao awapange kwenye jukwaa la mfano na kuona nani asimame wapi. Siku moja akawapaka wino wale watu wa mbao, akawakandamiza kwenye karatasi. Harry Kessler, Mjerumani aliyekuwa na kiwanda chake cha chapa, hiyo Cranach Press, mjini Weimar, akaiona kazi hiyo, akamwomba amfanyie kitabu. Toleo la Kijerumani lilikamilika mwishoni mwa miaka ya 1920, la Kiingereza likatoka 1930, mamia machache tu ya nakala. Maneno ya Shakespeare yanatembea kuwazunguka watu weusi wa Craig, na pembezoni mwake kuna hadithi za kale ambamo kisa cha Hamlet kilitoka. Watu waliopangwa jukwaani ndio haohao waliopigwa chapa. Sitakudanganya: bei yake si yangu wala yako. Lakini picha za kurasa zake zinapatikana kwa urahisi kwenye intaneti, nami nakusihi uzitazame kabla hujanunua kitu kingine, maana zitakufundisha swali la kumuuliza kila mchoraji: umechagua dakika ipi, na kwa nini hiyo?

Jaribu swali hilo kwa Galanis usiku wa leo. Wewe unaijua tamthilia. Unajua kwamba Edipode hajitoboi macho mbele yetu. Anaingia ndani, na mjumbe ndiye anayetoka kutusimulia. Wagiriki waliweka damu nyuma ya mlango. Mchoraji naye ana uamuzi huo: atufungulie mlango, au atuache nje na mjumbe? Mimi huwapenda zaidi wanaotuacha nje. Wengine watabishana nami, na wana haki.

Sasa tuje kwenye chapa, maana wengi husahau kwamba picha kwenye kitabu imepita mikono miwili: ya aliyeichora na ya aliyeichapa. Nenda kwa fundi saa au fundi simu, muulize ile lenzi wanayoibana jichoni. Inayokuza mara kumi inatosha. Kisha ukae na kitabu karibu na dirisha asubuhi, jua likiwa bado limelala, uuinamishe ukurasa mpaka mwanga uuguse kwa ubavu.

Kama herufi ni za madini ya risasi na zilikandamizwa kwenye karatasi, utaona kila herufi imezama kidogo, na ukipapasa nyuma ya ukurasa kwa ncha ya kidole utahisi vipele vidogo mno. Picha ya mchongo wa mbao nayo ni hivyo. Fikiria milango yetu ya nakshi, ile ya Bagamoyo na ya hapa mjini: fundi huchimba asichokitaka, na kinachobaki juu ndicho ua. Mchongaji wa picha hufanya vilevile juu ya kipande cha mti mgumu kilichokatwa kwa kukingama, akitumia patasi nyembamba kama sindano. Anachochimba kitabaki cheupe, alichokiacha juu kitashika wino. Chini ya lenzi mstari wake una ukingo safi, wino umejaa sawasawa, na mara nyingi utaona wino umesukumwa kidogo ukingoni na uzito wa mashine. Picha iliyochapwa kwa ofseti, yaani iliyopigwa picha kwanza ndipo ikahamishwa, haina uzito huo. Karatasi iko laini pande zote. Na kama ina vivuli vya kijivu au rangi za kuchanganyika, lenzi itakuonyesha vidoti vimepangana kama punje za ulezi.

Usije lakini ukaifanya lenzi kuwa hakimu. Mwaka 1908 jijini London zilitoka tamthilia mbili za Shakespeare ambazo wakusanyaji wanazipenda mpaka leo: A Midsummer Night's Dream iliyochorwa na Arthur Rackham, na The Tempest ya Edmund Dulac, kila moja na picha 40 za rangi. Picha hizo zote zina vidoti. Ufundi mpya wa wakati ule ulikuwa kuigawa picha ya rangi za maji katika rangi tatu na kuichapa kwa karatasi ya kung'aa, kisha kuibandika kwa mkono, upande mmoja tu, juu ya karatasi nene. Wachoraji hao walichora wakijua hivyo, ndiyo maana Rackham hutia mstari wa wino juu ya rangi: ule mstari huishika picha isiyeyuke mashine inapoigawa. Vidoti hapo ni sehemu ya kazi. Lakini ukiambiwa "hii ni litografia ya Delacroix", moja ya zile 17 alizoichorea Faust ya Goethe mwaka 1828, kisha lenzi ikakuonyesha vidoti vimejipanga safu kwa safu, mrudishie mwenyewe kitabu chake. Litografia huchorwa kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe, na chembe zake zimetawanyika ovyo kama mchanga wa ufukweni.

Umeuliza uanzie wapi. Jibu langu ni moja, nami nimewapa watu wengi, wachache wakalifuata: shika tamthilia unazozijua kwa Kiswahili, uzifuate hizo tu.

Wengi huanza kwa kununua majina. Wanasikia kwamba tamthilia ya kale ya Kigiriki, Lysistrata, katika toleo la 1934 ina picha za Picasso na sahihi yake, nayo ni kweli, ina chapa sita za shaba alizozichora mwenyewe, basi wanaweka akiba miaka minne kwa ajili ya kitabu ambacho hawajawahi kukisoma hata ukurasa. Kinakuja, kinatazamwa Idi mbili, kinafungiwa. Wewe una bahati ambayo mkusanyaji wa London hana. S. S. Mushi alitutafsiria Makbeth mwaka 1968 na Mfalme Edipode 1971. Mwalimu Nyerere alitoa Julius Caezar 1963, hakuridhika, akaipitia upya ikatoka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi. Na hata kabla ya hapo visa vya Shakespeare vilishafika pwani hii; mmisionari Mwingereza Edward Steere alivileta kwa Kiswahili kule Unguja tangu karne ya 19, vikiwa katika hadithi fupi.

Vitabu hivyo vya Kiswahili ni vyepesi, karatasi yake ya kawaida, jalada laini. Navyo viwe msingi wa kabati lako. Tafuta toleo la kwanza la kila kimoja, tena hizo Kaizari mbili, ya 1963 na ya 1969, ziweke bega kwa bega uone mtafsiri alivyojisahihisha mwenyewe kuanzia jina la jaladani. Bado zinapatikana kwa wauza vitabu vya mitumba na katika nyumba za walimu wastaafu kwa bei isiyoumiza, ila kila msimu wa mvua zinapungua.

Halafu kila kimoja kitafutie mwenzake mwenye picha. Hapa ile klabu ya Macy itakufaa tena, maana kati ya 1939 na 1940 ilitoa tamthilia zote za Shakespeare katika vitabu 37, nakala 1,950 za kila kimoja, zimepangwa na msanifu wa vitabu Bruce Rogers, na kila tamthilia ina msanii wake. Nyingi sasa zimetawanyika, zinauzwa mojamoja. Macbeth yumo yuleyule Gordon Craig wa Hamlet. Ukiweka Makbeth ya Mushi ubavuni mwake utakuwa na kitu ambacho sidhani wengi duniani wanacho kabatini. Julius Caesar alichora Frans Masereel, Mbelgiji aliyezoea kusimulia hadithi nzima kwa picha za mbao bila neno hata moja. Umati wa Roma mikononi mwake ni umati kweli. Na A Midsummer Night's Dream wamempa Rackham tena, zaidi ya miaka 30 baada ya ile ya 1908, akiwa mwishoni mwa maisha yake. Siku utakapoweza kuzitazama zote mbili pamoja, utaona mkono wa mtu ulivyozeeka na moyo wake ulivyobaki mahali palepale.

Edipode unaye tayari. Kwa hiyo hesabu yako ni ndogo: Makbeth na Kaizari, labda na Mabepari, kwa miaka mitatu au minne. Ukimaliza hizo ndipo ufikirie Hamlet.

Kuhusu kununua, neno la kwanza ni nauli. Kitabu kikubwa chenye kasha kina uzito, na posta ya kutoka Marekani mara nyingi huzidi bei ya kitabu chenyewe. Wakusanyaji wa huku tunategemea watu: binamu anayerudi likizo, mwanafunzi anayemaliza masomo, jirani aliyekwenda kwenye mkutano. Mwombe muuzaji akitume kwa mtu huyo huko huko, asubiri begi. Usione aibu kuomba. Mimi nusu ya kabati langu imepita uwanja wa ndege imefungwa ndani ya fulana.

Neno la pili, muulize muuzaji mambo yanayoonekana, usimuulize kama kitabu "ni kizuri". Mwombe picha ya ukurasa wa mwisho, ule wenye namba na maelezo ya nani alichapa, karatasi gani na nakala ngapi. Wachapaji huuita kolofoni. Mwombe picha ya uti wa kitabu, maana jua huuchubua kwanza. Akuhesabie picha zote moja baada ya nyingine na kuzilinganisha na orodha ya mwanzoni, hasa kwa zile zilizobandikwa, kwa kuwa watu huzing'oa wakazitia fremu ukutani. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa The Tempest "kamili", ikafika ina picha 37. Muuzaji alikuwa hajahesabu, nami sikumuuliza. Na muulize kama karatasi ndogo ya maelezo imo: vitabu vya klabu vilikuja na barua ya mwezi, vya Heritage na kikaratasi kilichoitwa The Sandglass, kinachoeleza kitabu kilivyotengenezwa. Angalia ndani ya kasha lako, huenda kimejibana huko nyuma. Ukikikuta, kisome kwa makini kabla ya kusoma neno langu lolote.

Kasha lililopasuka lisikuzuie kununua. Ngozi na dhahabu ya ukingoni navyo visikuvute. Kwa hali ya hewa yetu, jalada la kitambaa lililofungwa kwa uzi ni rafiki kuliko ngozi yoyote.

Na hapo ndipo tunafika kwenye vidoa vyako.

Vile vya hudhurungi, kama punje za mchele zilizokosa umbo, vinatokana na unyevu kukutana na chembe za chuma na vimelea vilivyomo katika karatasi tangu kiwandani. Karatasi yako ilikuwa na mbegu hiyo kabla hujakinunua. Raskazone, upepo wa bahari miaka yote hiyo, uliiotesha. Havitoki. Usivisugue, usivipake limau wala dawa ya kufulia kama nilivyoona mtu akifanya. Kinachowezekana ni kuvizuia visiongezeke.

Nikupe kisa changu. Nilikuwa bado kijana katika kazi hii, nina vitabu sita ninavyovithamini kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho. Mwishoni mwa Machi nikaitwa Lushoto kwenye msiba, nikajua nitakawia. Nikaogopa masika. Nikavifunga vitabu vyangu kimoja kimoja kwenye mifuko ya nailoni, nikakaza kwa mpira, nikavipanga kabatini, na kabati lenyewe nilikuwa nimeliegemeza ukuta wa upande wa mvua. Nilirudi Mei. Nilipofungua kabati nilikutana na harufu kwanza, harufu ya viazi vilivyosahauliwa. Ndani ya kila mfuko kulikuwa na jasho. Jalada zilikuwa zimeota manyoya ya kijani na kijivu. Katika kimoja, chenye picha za karatasi ya kung'aa, kurasa zilikuwa zimeshikana. Nilipojaribu kuzitenganisha, nusu ya uso wa malaika wa jukwaani ilibaki upande wa pili. Kitabu hicho ninacho bado, na sikioni mwangu bado nasikia karatasi ile ilivyotoa sauti.

Nilichojifunza ni kwamba nailoni iliyokazwa haizuii unyevu. Inaufungia ndani. Ukungu huanza kazi hewa ikipita kama asilimia 65 ya unyevu na kutulia hapo, na Tanga tunapita hapo siku nyingi za mwaka. Kwa kuwa huwezi kuuondoa unyevu wote, usiuache utulie. Nunua kipimo kidogo cha unyevu, vinauzwa bei ndogo, ukiweke kabatini. Kabati lisiguse ukuta. Acha upana wa kiganja nyuma yake, na lisiwe ukuta wa nje kabisa ukiweza. Toboa matundu nyuma, juu na chini, uyazibe kwa wavu mwembamba wa mbu. Vitabu visibanane. Vikubwa kama Edipode wako vilale bapa, visizidi vitatu kwa kupandana. Kati ya Machi na Mei, tena wakati wa vuli, washa feni chumbani hata kama hakuna mtu. Upepo wa kaskazi, miezi ya kiangazi, ndio wakati wa kuvitoa vyote na kuvipa hewa kivulini. Jua la moja kwa moja hapana, hata dakika kumi.

Vitabu vyenye picha za kung'aa vipe uangalizi wa peke yake. Visilaliwe na kingine juu, na kila mwezi vifunguliwe ukurasa kwa ukurasa.

Wadudu nao wapo. Mchwa utamjua kwa njia ya udongo ukutani, kwa hiyo miguu ya kabati isimamie kwenye vikopo vyenye mafuta kidogo. Mende na vile vidudu vyembamba vya rangi ya fedha vyenye mkia wa nyuzi tatu wanapenda gundi ya unga iliyo kwenye uti na kitambaa. Kitabu chochote kipya kinachoingia nyumbani, hasa cha mitumba, kitie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, kikae kwenye friza wiki mbili. Ukikitoa, kiache mfukoni humohumo siku nzima mpaka kipate joto la chumba, ndipo ufungue. Ukifungua mapema, maji ya hewa yatakirukia. Hapo mfuko una kazi, kabatini hauna. Friza huua wadudu, haiui ukungu. Ukungu ukiuona, kausha kitabu kwenye upepo kivulini siku kadhaa, kisha uuondoe nje ya nyumba kwa brashi laini, umefunga pua na mdomo. Majani ya mwarobaini yanayowekwa na bibi zetu sina neno nayo, ila yawe kwenye rafu, yasiwekwe ndani ya kurasa, maana yanaacha rangi. Selotepu usiiguse kabisa. Ukurasa ukichanika, ulete kwa mjalidi.

Na kisome. Nasema hivi kama fundi: kitabu kinachofunguliwa kila wiki hapa pwani huishi kuliko kinachofungiwa. Kama nyumbani kwenu kuna marufaa ya zamani, ile ya mbao inayokunjuka, muombe mama akuruhusu. Kitabu kizito kikilala juu yake hakifunguki kupita kiasi, uti haupasuki, na mikono yako inabaki huru kushika lenzi.

Nina ombi moja kwako, kwa kuwa ni mwalimu wa Tanga. Miaka yangu yote sijapata kushika tamthilia ya Kiswahili iliyotiwa picha na kuchapwa kwa ufundi wa namna tunayoizungumza hapa. Mji wetu lakini si mgeni wa kazi hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 gazeti la Kiongozi lilikuwa likitoka hapa, katika shule ya serikali ya Wajerumani ambako vijana wa Kiswahili walifundishwa kupanga herufi na kupiga chapa. Wanafunzi wako nao wana mikono. Tafuta kipande cha linoleamu, ile ya sakafu ya zamani isiyo na plastiki, patasi ndogo na wino wa chapa. Wape onyesho moja tu la Mfalme Edipode, lile la mzee kipofu anapomwambia mfalme asichotaka kukisikia. Kila mmoja achague dakika yake, achonge, apake wino, alaze karatasi juu na kuisugua kwa mgongo wa kijiko cha mbao mpaka picha ishike. Chini yake waweke mistari miwili mitatu ya Mushi kwa matumizi ya darasa. Wino uache siku tatu ukauke vizuri, zaidi kama ni masika, kisha uniletee kurasa zote hapa Ngamiani nizishone kitabu kimoja. Uzi na jalada nitatoa mimi.